Kanga ndani ya skana: tathmini ya 3D Slicer kwa wanaochunguza mwili wa ndege

Programu ya 3D Slicer ilitengenezwa kwa ajili ya picha za mwili wa binadamu, na hadi leo wengi wanaoifungua wanatazama ubongo, mapafu au uvimbe. Mimi naitathmini kwa kazi nyingine: kuchunguza namna mifupa, viungo na misuli ya ndege inavyobeba uzito, inavyosukuma bawa na inavyokanyaga ardhi. Nafundisha anatomia ya wanyama hapa Lubumbashi, na kwa muda mrefu vifaa vyetu vya somo hili vimekuwa kisu, sufuria ya kuchemshia mifupa na michoro ya vitabu vya Kifaransa ambayo wanafunzi huinakili bila kuiamini sana. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asisumbuke: kwa kuchunguza umbo, sijapata chombo cha bure kinachoikaribia programu hii, kwa kuchunguza mwendo, haikupi chochote ambacho hukukiingiza wewe mwenyewe, na anayeinadi kwa video za mifupa inayopunga kwenye skrini ananadi kisichomo ndani yake.

Asili yake ni fupi kusimulia. Ilianza mwaka 1998 kama kazi ya shahada ya uzamili iliyowaunganisha watu wa chuo cha MIT na wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, Marekani, na tangu hapo imekua kwa michango ya waandishi wa programu wa nchi nyingi. Msimbo wake uko wazi, leseni yake inaruhusu hata matumizi ya biashara, nayo inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Waundaji wenyewe wanatahadharisha kwamba haijaidhinishwa kuwa kifaa cha tiba. Sisi tunaochunguza ndege waliokwisha kufa hatupotezi kitu kwa onyo hilo. Kinachotuhusu zaidi ni kiongezo kiitwacho SlicerMorph, kilichoelezwa katika makala ya kisayansi ya mwaka 2021 na kikundi kilichoongozwa kutoka Seattle, ambacho kiliundwa mahsusi kwa watu wanaopima maumbo ya wanyama. Anayeisakinisha 3D Slicer kwa ajili ya ndege na kukiacha kiongezo hicho amejinyima nusu ya zana.

Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini tuhangaike na picha wakati kanga anaweza kununuliwa sokoni akiwa hai na kupasuliwa mezani siku hiyohiyo. Jibu ni kwamba kisu kinaharibu kile hasa ambacho mtafiti wa mwendo anataka kukipima. Bega la ndege ni mkusanyiko wa mifupa iliyoshikamana kwa kano na gegedu, na mara tu unapozikata, mifupa inaachana na nafasi zake. Ukiichemsha, gegedu inayeyuka, na kinachobaki ni vipande ambavyo mwalimu huvipanga upya kwa kukisia. Skana inaukuta mwili ukiwa umefungwa. Inapiga eksirei kutoka pande zote, kompyuta inakokotoa wingi wa kila chembe ya nafasi, na matokeo yake ni rundo la tabaka ambalo ukilipanga linakuwa mwili mzima, kila mfupa ukiwa mahali pake. (Kwa wanafunzi wanaodhani hesabu hizi zote zilitoka ng'ambo, huwa nawakumbusha kwamba Allan Cormack, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Godfrey Hounsfield kwa ugunduzi huo, alizaliwa Johannesburg, na tatizo lenyewe lilimjia akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town mwaka 1956.)

Malighafi ya kuilisha programu hii inapatikana kwa njia mbili, na nimezitumia zote. Njia ya kwanza ni skana ya hospitali. Kliniki moja binafsi hapa mjini ilikubali kuwapokea kanga wetu waliokufa baada ya mgonjwa wa mwisho wa siku, kwa masharti ambayo nayaona ya haki: ndege afungwe katika mifuko miwili ya plastiki, asiwe aliyeokotwa akiwa amekufa porini kwa sababu isiyojulikana, na meza ipanguswe kwa dawa kabla hatujaondoka. Fundi wa radiolojia alifurahia kazi hiyo kuliko tulivyotegemea. "Docta, huyu mgonjwa wenu ni mzuri," alisema, "hakuna haja ya kumwambia azuie pumzi." Jambo la kumwomba fundi ni tabaka nyembamba kadiri mashine inavyoweza, yaani karibu nusu milimita, na ukokotoaji wa aina inayotumika kwa mifupa badala ya ile ya nyama laini, kwa sababu usipotaja utapewa mpangilio wa kawaida wa tumbo la binadamu, ambao unamfanya kanga aonekane amechongwa kwa sabuni. Faili hutoka kwenye diski zikiwa katika DICOM, yaani mfumo wa kawaida wa kuhifadhi picha za hospitali, na 3D Slicer inazipokea bila ubishi.

Njia ya pili ni kupakua. Hazina ya MorphoSource, inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Duke, ina maelfu ya picha za skana za wanyama wa makumbusho, wakiwemo ndege wengi, na sehemu kubwa yake ilitokana na mradi wa oVert, ulioanza mwaka 2017 ukiongozwa kutoka Florida na kuzipitisha kwenye skana sampuli zaidi ya 13,000 za wanyama wenye uti wa mgongo. Baadhi ya faili ziko wazi kwa kila mtu na nyingine zinahitaji ombi lenye maelezo. Nyingi zilipigwa kwa skana ndogo za maabara, ambazo chembe zake hupimwa kwa makumi ya mikrometa, kwa hiyo ndege mdogo kama shomoro anaonekana kwa undani ambao skana ya hospitali haiwezi kuufikia kamwe. Tatizo ni uzito: sampuli moja inaweza kumeza mega za mwezi mzima, na hapa kwetu mega zinanunuliwa kwa kuhesabiwa. Tulichokubaliana idarani ni kwamba anayesafiri kwenda mahali penye intaneti nzuri anapewa orodha na diski ngumu.

Usakinishaji wenyewe hauna shida. Faili la programu ni la mamia ya megabaiti, linapakuliwa mara moja na kugawiwa wanafunzi kwa flashi, na baada ya hapo programu inafanya kazi bila intaneti. Viongezo navyo vinaweza kusakinishwa kutoka kwenye faili lililohifadhiwa, ila kila kiongezo kimefungamana na toleo lake la programu, kwa hiyo darasa zima lazima litumie toleo moja. Mwanafunzi akijisasishia peke yake, SlicerMorph inatoweka kwenye menyu yake naye anaanza kusema ameibiwa. Kuna pia kiongezo cha lugha ambacho kinageuza menyu kuwa za Kifaransa, na kwa wanafunzi wetu waliosoma sayansi yote kwa Kifaransa hilo limeokoa muda mwingi, ingawa tafsiri haijafika kila kona na miongozo mirefu bado iko kwa Kiingereza.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Hatua inayoamua ubora wa kila kipimo kinachofuata ni kutenga mfupa kutoka kwenye nyama, na ndiyo hatua ambayo wengi huiruka haraka. Kila chembe ya picha ina namba kwenye kipimo cha Hounsfield, ambamo maji ni 0 na hewa ni 1000 chini ya sifuri, na mfupa mgumu wa binadamu unapanda juu sana ya hapo. Ndani ya sehemu iitwayo Segment Editor unaweka kizingiti, na kila chembe iliyo juu yake inahesabiwa kuwa mfupa. Kwa binadamu inatosha. Kwa ndege, ukuta wa mfupa wa bawa mara nyingi ni mwembamba kuliko chembe ya picha ya hospitali, hivyo chembe hiyo inabeba wastani wa mfupa, nyama na hewa, na namba yake inashuka. Ukitumia kizingiti cha binadamu, kombe la bega linatoboka kama chujio, na mbavu zinakatika katikati. Ukikishusha mno, mfupa unanenepa kwa nyama isiyo yake, na hesabu yoyote ya nguvu ya mfupa huo inakuwa porojo. Ninachofanya ni kuchukua thamani ya katikati kati ya mfupa na kinachouzunguka, kwa kila mfupa peke yake, kisha kuiandika kwenye ripoti ili mwingine aweze kurudia. Programu inakupa zana za kutosha kwa marekebisho ya mkono: brashi, mkasi, kuondoa visiwa, na ile ya kukuza kutoka kwenye mbegu, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote kwa kutenganisha fupaja na nyonga pale kizingiti kinapoviunganisha.

Kuna mambo madogo ambayo mwongozo hautakwambia. Firigisi ya kanga imejaa vijiwe, navyo hung'aa kwenye picha kuliko mfupa wowote, kwa hiyo usishangae kuona kokoto zikielea katikati ya mwili. Zana ya visiwa inaziondoa mara moja. Ndege aliyewindwa ni tatizo kubwa zaidi, maana chembe za risasi zilizobaki mwilini zinatupa miale meupe na meusi kwenye tabaka zote za jirani, na hakuna brashi itakayorudisha kilichofichwa. Nunua ndege wa kufugwa.

Bega ndilo lililonifanya niiheshimu programu hii. Kila mwanafunzi anajua kwamba ndege ana misuli mikubwa ya kidari, na kwamba msuli wa nje unalivuta bawa chini. Kinachowashangaza ni kwamba msuli unaolipandisha bawa nao umelala kidarini, chini ya ule mwingine, juu ya mkuku wa mfupa wa kidari. Inawezekanaje msuli ulioko chini uvute kitu kwenda juu? Kano yake inapanda, inapita ndani ya tundu linaloundwa na mifupa mitatu, yaani korakoidi (mfupa unaounganisha bega na kidari), kombe la bega na mitulinga miwili iliyoungana kuwa mfupa mmoja wenye umbo la V, kisha inageuka na kushuka kushika upande wa juu wa humerasi, yaani mfupa wa kwanza wa bawa kutoka begani, kama kamba inavyopita kwenye kapi la kisima. Kwa miaka nimelichora tundu hilo ubaoni. Katika 3D Slicer mwanafunzi anaupaka kila mfupa rangi yake, anaufanya mmoja uwe wazi kama kioo, anageuza bega mpaka atazame moja kwa moja ndani ya tundu, kisha anatumia zana ya mikunjo katika sehemu ya Markups kuchora njia ya kano kuanzia msuli hadi mfupani. Programu inampa urefu wa njia hiyo kwa milimita. Akiligeuza bawa kidogo kwa zana ya Transforms na kuchora tena, tofauti ya urefu inamwambia ni kiasi gani msuli ungejikunja kwa mgeuko huo, na kutoka hapo anakokotoa mkono wa nguvu wa msuli kwenye kiungo, yaani umbali kati ya mstari wa mvuto wa msuli na mahali kiungo kinapozungukia. Hiyo ndiyo mekanika ya mwili, na imefanyika kwa kanga wa sokoni na programu isiyo na bei.

Jambo zuri zaidi ni kwamba kipimo hicho kinaweza kupambanishwa na majaribio yaliyofanywa na wengine. Mwaka 1997, Samuel Poore na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba kazi kuu ya msuli huo wa ndani siyo kuinua humerasi tu bali kuizungusha kwenye mhimili wake wenyewe, ili bawa ligeuke na kuwa tayari kwa pigo linalofuata. Ukiitazama kano mahali inaposhika mfupa, unaona papo hapo kwa nini: imekaa pembeni ya mhimili, na ukiivuta, mfupa hauna budi kuzunguka. Wanafunzi wangu waliliona hilo wenyewe kabla sijawatajia Poore, nami sina mfano mwingine wa somo ambapo picha iliwahi kunitangulia hivyo.

Lakini hapo hapo ndipo mpaka wa programu unapoonekana. Mfupa ule wa umbo la V ukiutazama kwenye skana, ni tao jembamba lililotulia, na mtu mwenye busara angesema kazi yake ni kutenganisha mabega yasisogeleane. Mwaka 1988, Farish Jenkins, Kenneth Dial na George Goslow waliwarusha kwezi wa Ulaya ndani ya handaki la upepo huku wakiwapiga filamu ya eksirei ya kasi, wakachapisha katika jarida la Science walichokiona: katika kila pigo la kushuka ncha za mfupa huo zinatanuka, na katika pigo la kupanda zinarudi, kwa hiyo mfupa unafanya kazi kama springi, na waandishi walipendekeza kwamba kupanuka huko huenda kunasaidia kusukuma hewa kati ya mapafu na mifuko ya hewa. Hakuna skana ya ndege aliyekufa ambayo ingeweza kuonyesha hilo. Umbo linakwambia kinachowezekana; linanyamaza kuhusu kinachotendeka.

Wanaotaka mwendo wenyewe wanahitaji vitu viwili kwa pamoja, na mfano mzuri ni mbinu ya XROMM iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Brown na Elizabeth Brainerd, Stephen Gatesy na wenzao, na kuelezwa kwa ukamilifu mwaka 2010. Mnyama aliye hai anapita mbele ya mashine mbili za eksirei zinazopiga video kutoka pande mbili tofauti. Kisha mifupa yake mwenyewe, iliyotengwa kutoka kwenye picha za skana, inapangwa juu ya video hizo fremu kwa fremu, mpaka kila mfupa ujulikane ulikuwa wapi na umegeukia wapi. Kwa mbinu hiyo walichunguzwa kwale aina ya chukar wakipanda miteremko kwa kupiga mabawa, na kwa mbinu hiyo Peter Falkingham na Gatesy, mwaka 2014, walimtembeza kanga juu ya mbegu za popi ili waone unyayo unavyozaliwa chini ya uso wa ardhi, mahali jicho halifiki, na wakaitumia elimu hiyo kusoma nyayo za dinosaria. Naomba msomaji wa Katanga alione hili: ndege aliyechaguliwa na maabara ile ya Marekani ni kanga yuleyule ambaye sisi tunamkimbiza nyuma ya nyumba. 3D Slicer ina kiongezo kiitwacho AutoscoperM kinachosaidia kupanga mifupa juu ya video za namna hiyo, nami nimekisakinisha na kukijaribu kwa data ya mfano. Kinafanya kazi, ila bila mashine mbili za eksirei za video kinabaki kuwa funguo za gari usilokuwa nalo, na sioni gari hilo likifika Lubumbashi karibuni.

Kwa miguu hali ni ya kati na kati. Goti la ndege limefichwa ndani ya manyoya, fupaja limelala karibu sambamba na ardhi, na kile ambacho watu huita goti linalokunjika kinyume ni kifundo cha mguu. Skana inamaliza mabishano hayo kwa tabaka chache. Unaweza kupima pembe kati ya fupaja na muundi, urefu wa kila kipande, na mahali kano inapopita mbele ya goti. Hata hivyo pembe unayopima ni ya maiti aliyekunjwa kwenye mfuko, na kazi za Gatesy kuhusu kanga anayetembea, alizozichapisha mwaka 1999, zilionyesha kwamba fupaja linasogea kidogo tu katika mwendo wa polepole na kuongeza msogeo kadiri kasi inavyopanda. Baadaye, mwaka 2014, Robert Kambic na wenzake walionyesha kwamba mifupa ya mguu wa kanga inazunguka sana kwenye mihimili yake anapogeuka, mzunguko ambao mtu anayepima pembe kwa pembeni tu hauoni. Kwa hiyo nawaelekeza wanafunzi waandike pembe za maiti kama mkao, wasiziite mwendo.

Kitovu cha uzito ni eneo ambalo programu inafanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Unatenga umbo lote la nje la mwili, unatoa mapafu na nafasi za hewa, unavipa vipande wingi wake (nyama ya msuli huchukuliwa kuwa karibu gramu 1.06 kwa sentimita moja ya ujazo), na sehemu ya takwimu inakupa ujazo na kitovu cha kila kipande. Vivian Allen, John Hutchinson na wenzao walitumia hesabu za jamii hii mwaka 2013 katika Nature kufuatilia jinsi kitovu cha uzito kilivyosogea mbele katika ukoo uliozaa ndege, hasa kwa kukua kwa mikono ya mbele. Kwetu swali lililo karibu zaidi ni kuku wa nyama: Heather Paxton na wenzake mwaka 2013 waliandika kuhusu mwendo wa kuku wa kisasa aliyechaguliwa kwa kidari kikubwa na jinsi anavyotembea polepole na kwa miguu iliyopanuliwa, na wafugaji wa hapa wanaolalamika kwamba kuku wao wanalala miguu wangefaidika kuona kwenye skrini mahali uzito ulipo na mahali miguu ilipo. Tahadhari ni moja: ndege aliyekufa akilazwa chali, mifuko yake ya hewa inasinyaa na matumbo yanashuka, hivyo namba inatofautiana na ya ndege anayepumua.

Kuhusu misuli sitasema mengi. Eksirei haitofautishi msuli na msuli jirani, na suluhisho linalojulikana ni kuuloweka mwili katika myeyusho wa iodini. Myeyusho huo, uitwao Lugol, unapatikana katika maabara nyingi za hospitali, kwa kuwa unatumika kupima choo, lakini ndege mzima anahitaji mwingi na muda mrefu, na misuli inasinyaa humo. Kwa bawa moja unafaa.

Sasa lawama. Programu inataka kumbukumbu kubwa: miongozo yake inashauri RAM iwe mara kumi ya ukubwa wa data unayofungua, na ushauri huo si wa kutisha tu, kwa maana kompyuta yenye GB 4 itafungua kanga wa hospitali na kuganda mara unapoanza kutenga mifupa. Nunua yenye GB 16 kama uwezo upo. Kama haupo, kata eneo unalolihitaji, bega peke yake au goti peke yake, kabla ya kufanya lolote. Dirisha la kuhifadhi ni kero ya pekee, kwa kuwa kila picha, kila mfupa na kila alama ina faili lake, na mwanafunzi anayebonyeza bila kusoma anajikuta na mandhari (faili la kazi yote) yasiyo na mifupa ndani. Chagua kifurushi kimoja cha aina ya mrb, kila mara. Na kubwa kuliko yote, programu haihifadhi kazi yenyewe. Mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa na betri za kompyuta zimezeeka, hilo si dogo: asubuhi nzima ya kupaka brashi kombe la bega inaondoka kwa sekunde moja, na mwanafunzi anayeipoteza mara mbili harudi mara ya tatu.

Kwa mwalimu wa anatomia, mtafiti wa ndege au daktari wa mifugo mwenye subira, naipendekeza bila kusita, na ningemshauri aanze na bega la kanga wa kufugwa kwa picha za hospitali kabla ya kuhangaika na faili kubwa za makumbusho. Kwa mwanafunzi anayetaka picha nzuri ya kuweka kwenye jalada la tasnifu tu, kuna programu nyepesi zaidi za kutazama. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya kutohifadhi kazi, na toleo lolote litakalorekebisha hilo litaipata.